Kapera wa Ngoye Hakuwekewa Matanga

Kila ifikapo tarehe 19 Machi, hutokea mtu katika kundi la WhatsApp la ukoo wetu akabandika picha ya Sudan, yule kifaru dume mweupe wa kaskazini aliyefia katika hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya, mwaka 2018, na chini ya picha hiyo humiminika salamu za rambirambi, vikatuni vya machozi na lawama dhidi ya binadamu kwa jumla, kana kwamba sisi tunaoziandika hatumo katika hesabu hiyo. Sina ugomvi na desturi hiyo, na chozi langu mwenyewe nimewahi kuliweka hapo. Mwaka huu, hata hivyo, nilifanya kosa la kuongeza picha ya pili. Ilikuwa picha ya mtapo, mmea wenye shina nene na majani marefu kama ya mchikichi, wa aina ambayo wataalamu wanaiita Encephalartos woodii, nikaandika kwamba huyu naye ni wa mwisho katika aina yake, na kwamba msiba wake ulianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita bila mtu kumwekea tanga hata la siku moja. Shangazi mmoja akauliza kama huo si mchikichi wa bustani za hoteli. Kisha mpwa wangu, kijana msomi ninayempenda sana, akaandika maneno ambayo ndiyo yamenikalisha hapa: "Pole, mjomba, lakini si ni mti tu? Si wakate wapande mwingine?"

Walikata, mpwa wangu, tena walikata mapema, na hapo ndipo ulipo msiba wenyewe. Mwaka 1895 John Medley Wood, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya mimea ya Durban, aliukuta mtapo huo ukingoni mwa msitu wa Ngoye, katika nchi ya Wazulu, Afrika Kusini. Kilikuwa kishada kimoja cha mashina manne, yote ya kiume, na hapakuwa na mwingine wa aina yake karibu wala mbali. Mche mmoja ulisafirishwa hadi bustani ya Kew, London, mwaka 1899. Mwaka 1903 James Wylie, aliyefanya kazi na Wood, alichukua machipukizi mengine, na mwaka 1907 akarudi kuchukua mashina mawili makubwa. Kufikia mwaka 1912 lilikuwa limebaki porini shina moja tu, nalo likiwa na majeraha, na mwaka 1916 idara ya misitu ikaling'oa hilo nalo kwa nia njema kabisa ya kulinusuru, ikalipeleka Pretoria, ambako lilikufa mwaka 1964. Nia njema, mara nyingine, huja imebeba sururu. Tangu mwaka huo wa 1916 hakuna mtu aliyethibitisha kuuona mtapo wa aina hiyo ukiota porini, na orodha za uhifadhi zinautaja kuwa umetoweka katika makazi yake ya asili.

Yeyote aliyewahi kupanda mpapai nyuma ya nyumba, akaumwagilia kwa subira, kisha siku ya maua akagundua kwamba alikuwa akimlea mpapai dume, atanielewa upesi kuliko mpwa wangu. Mitapo nayo ina jinsia. Dume hutoa koni, yaani vichwa vya uzazi kama vya msonobari, zenye chavua, jike hutoa koni zenye mbegu, na pasipokuwa na jike chavua huanguka chini ikawa vumbi la njano. Jike wa Encephalartos woodii hajapatikana mpaka leo. Ule mche uliopelekwa Kew ulitoa koni yake ya kwanza huko mwaka 2004, baada ya kukaa ugenini miaka 105, na siku ilipoiva hapakuwa na wa kuipokea.

Sasa tazama upande wa pili. Najin na Fatu, mama na binti yake, ambao pia ni binti na mjukuu wa Sudan, ndio vifaru weupe wa kaskazini pekee walio hai duniani, na wote wawili ni majike. Kwa hiyo Kenya wako majike wasio na dume, na Afrika Kusini yuko dume asiye na jike, kana kwamba mtunzi fulani mwenye dhihaka kali alikaa akazipanga hadithi hizi mbili zitazamane. Hata safari zao zinafanana. Sudan alikamatwa mwaka 1975 akiwa mdogo huko Shambe, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, akapelekwa bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Chekoslovakia ya wakati huo, na aina yake ikazidi kuteketea nyuma yake. Walikuwa zaidi ya 2,000 mwaka 1960, na kufikia mwaka 1984 walikuwa wamebaki 15 katika mbuga ya Garamba, Kongo. Mtapo nao ulitolewa msituni ukapelekwa Ulaya kukaa nyumba ya vioo. Tofauti ni kwamba kifaru alirudishwa. Desemba 2009 Sudan, dume mwenzake Suni, Najin na Fatu walisafirishwa kwa ndege hadi Ol Pejeta, kwa matumaini kwamba jua, nyasi na upepo wa Afrika vingewakumbusha kazi ya kuzaana. Sijasikia mtu akipendekeza kwamba yule kapera wa Kew arudishwe Ngoye akaote jua la kwao.

Sudan alilindwa na askari wa wanyamapori wenye bunduki, usiku na mchana. Mwaka 2017 alifunguliwa ukurasa wake katika Tinder, ile programu ya kutafutia wachumba, ili walimwengu wachangie gharama za sayansi ya uzazi, na ulimwengu ukacheka na kuchanga kwa pamoja. Alipokufa akiwa na miaka 45, magazeti ya mabara yote yaliandika taazia. Mtapo unapokufa katika bustani fulani, mtunza bustani hung'oa kibao chenye jina lake, na kama ni mtu wa huruma hukifuta udongo kabla ya kukiweka stoo.

Nirudi kwenye swali la mpwa wangu, kwa sababu nadhani ndilo swali la watu wengi, na ndilo linaloniudhi kuliko kejeli. Wengi wetu tumelelewa na mgomba. Tunajua kwamba mgomba ukizeeka unaacha watoto pembeni yake, unamng'oa mmoja, unamhamishia shimo jipya, na shamba linaendelea. Kwa hiyo mmea ukiwa na machipukizi tunaona hauna kifo, na kitu kisicho na kifo hakistahili matanga. Ndivyo ilivyokuwa kwa Encephalartos woodii. Machipukizi yake yamegawanywa na kugawanywa tena, na leo iko mia kadhaa katika bustani za mabara mbalimbali, kijani kibichi, yenye afya, ikikunja majani yake marefu kama matao ya arusi. Mtu akiiona hawezi kuamini kwamba anatazama kitu kilichotoweka. Lakini mia hizo zote ni mmoja. Ni yule yule dume wa mwaka 1895, mwenye vinasaba vile vile, ambaye amekatwa vipande na kila kipande kikapewa chungu chake. Ukimwingiza mtu mmoja katika chumba chenye vioo mia utaona watu mia, lakini hujapata kijiji.

Kwa nini hilo ni jambo kubwa? Kwa sababu kinachoiwezesha aina ya kiumbe kuvuka maradhi, ukame na mabadiliko ya dunia ni kule kuchanganyika upya katika kila kizazi, ambako mtoto hupata kitu kwa mama na kitu kwa baba na kutoka na silaha ambazo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nazo. Mgomba wenyewe tunaoutegemea katika hoja hii ulitoa ushahidi katika karne iliyopita. Ndizi aina ya Gros Michel, iliyojaza masoko ya ulimwengu, ilienezwa kwa machipukizi tu, shamba baada ya shamba la nakala, mpaka ugonjwa wa Panama ulipopata njia ya kuua mgomba mmoja na kwa hiyo ukawa umepata njia ya kuua yote. Wafanyabiashara walihamia kwenye Cavendish, ambayo nayo ni nakala za mmoja, na leo aina mpya ya ugonjwa huo huo inaifuata. Gros Michel ilikuwa na ndizi nyingine za kushika nafasi yake. Mtapo wa Ngoye hauna ndugu wa kumwachia kiti.

Wako waliojaribu kumwoza. Chavua yake huwekwa kwa jike wa Encephalartos natalensis, jamaa yake wa karibu, watoto wakapatikana, na mpango ni kuwarudisha majike wa kizazi hicho kwa baba yao, na wa kizazi kijacho tena, mpaka damu ya yule mama ipungue. Hesabu yake ni rahisi na ya kukatisha tamaa: nusu, kisha robo tatu, kisha saba ya nane, na kuendelea hivyo bila kufika ukamilifu, huku kila hatua ikidai miaka mingi ya kumngoja mtapo akomae na kutoa koni. Bwana arusi ni yule yule katika kila arusi, na anayefanya kazi hiyo lazima akubali kwamba hataiona mwisho wake.

Hapa ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo mpwa wangu alidhani nimekosea kuandika. Nasema kwamba vifaru wawili wa Ol Pejeta wana mustakabali mpana kuliko mitapo mia kadhaa ya duniani. Tangu Agosti 2019 wanasayansi wamekuwa wakivuna mayai ya majike hao na kuyapeleka Cremona, Italia, kuyarutubisha kwa mbegu zilizohifadhiwa za madume waliokwisha kufa. Najin alistaafishwa kazi hiyo mwaka 2021 kwa sababu ya umri, na viinitete vyote vilivyopatikana, yaani mayai yaliyorutubishwa yakaanza kukua, ambavyo sasa ni zaidi ya 30, vinatokana na mayai ya Fatu, vikingoja katika nitrojeni ya kimiminika. Mwaka 2023 mwanzo wa njia ulionekana, pale kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini kilipopandikizwa kwa jike wa kusini aitwaye Curra, mimba ikashika, na jike huyo alipokufa kwa maambukizi ya bakteria yasiyohusiana na mimba, ndani yake kikakutwa kijusi dume cha siku 70 chenye urefu wa sentimita 6.4. Zaidi ya hapo, seli za ngozi za vifaru kadhaa wa kaskazini waliokufa zimehifadhiwa, na mwaka 2022 watafiti walifaulu kuzigeuza seli zilizotokana na jike Nabire, aliyekufa mwaka 2015, zikawa hatua ya awali kabisa ya kuelekea yai. Huenda lisizaliwe hata ndama mmoja kutokana na haya yote. Lakini ndani ya yale mapipa ya baridi umo ukoo, wako mababa, yuko mama, wako shangazi waliokufa. Upande wa mtapo hakuna pipa linaloweza kusaidia, kwa sababu wakati watu walipoanza kuhifadhi, tayari palikuwa na mmoja tu wa kuhifadhiwa.

Kwa hiyo yule anayeonekana kufa ana jamaa, na yule anayeonekana kustawi hana. Macho yetu yamezipindua hesabu, na sababu, nadhani, ni kwamba tunapima kifo kwa kuona kitu kikianguka. Kifaru huanguka, hugumia, huacha mwenzake akimnusa. Mtapo hukaa pale pale ukimeremeta, na msiba wake umo katika kitu kisichoonekana, yaani mbegu ambazo hazikufanyika. Mwaka 1999 walimu wawili wa biolojia wa Marekani, James Wandersee na Elisabeth Schussler, waliipa tabia hii ya kutoiona mimea jina la upofu wa mimea. Wengine wamelilaumu neno hilo kwa kuwadhalilisha wasioona, na wana haki, maana asiyeona hana hiari, ilhali sisi tunayo.

Upofu huo una bajeti zake. Nchini Marekani, zaidi ya nusu ya spishi zilizo chini ya sheria ya viumbe vilivyo hatarini ni mimea, na fedha zinazoifikia hazifiki asilimia tano ya matumizi ya mpango huo. Sitaendelea na hesabu hizi, kwa sababu kila nikizisoma shinikizo la damu linapanda.

Nikubali sasa yanayonibidi kukubali, ingawa kwa shingo upande. Kifaru anaumwa, mtapo hauumwi kwa maana tunayoijua. Najin anamtambua binti yake. Sudan katika siku zake za mwisho alishindwa kusimama, na mtu aliyemuuguza akalia kama anayemlilia mzazi, nami sina haki ya kumwambia mtu huyo kwamba machozi yake yalikosea njia. Aidha, kifaru mweupe akila nyasi huziacha fupi kama zulia, na juu ya zulia hilo hujipatia riziki viumbe wengine wengi, kwa hiyo kumlinda ni kulinda eneo lote, mimea yake ikiwamo. Na mgeni hatapanda ndege kuja kutazama mtapo. Haya yote ni kweli. Lakini ninayaona yakitumiwa kama vile tajiri anavyoitumia sadaka moja, kumfungia mlango kila mwombaji anayefuata.

Tena kuna hoja moja inayonichekesha. Nilipomweleza mpwa wangu haya, alikwenda kusoma, jambo ambalo namsifu, akarudi na ushindi mkononi: wapo wataalamu waliowahi kushuku kwamba Encephalartos woodii si spishi kamili, huenda ni chotara, au ni sura tu ya jamaa yake natalensis. Ni kweli, mjadala huo umekuwapo. Lakini wataalamu wengi pia wanamhesabu kifaru mweupe wa kaskazini kuwa nususpishi, ndugu wa damu wa yule wa kusini ambaye bado anahesabika kwa maelfu, na sikumsikia mtu yeyote tarehe 19 Machi akifuta machozi yake baada ya kukumbushwa hilo. Inaelekea hati ya uraia huulizwa kwa mimea tu.

Kuhusu ujangili, tofauti kati ya viumbe hawa wawili ni chungu zaidi. Anayemuua kifaru anataka pembe, ambayo ni keratini tupu kama kucha zetu, na kifaru mwenyewe hamjali. Anayeiba mitapo, kinyume chake, anaipenda. Ni mkusanyaji mwenye bustani nzuri, anayejua jina la kila aina kwa Kilatini, na kadiri aina inavyoadimika ndivyo anavyozidi kuitamani. Jenasi nzima ya Encephalartos imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, penye ulinzi wa juu kabisa. Huko Afrika Kusini mashina yamewahi kupandikizwa vidubwasha vya utambulisho ndani yake, na wezi wakaanza kuyapiga picha za eksirei ili wavitafute na kuving'oa. Mwaka 2014 mitapo 24 iliibwa katika bustani ya Kirstenbosch, Cape Town, mingi yake ikiwa ya aina ya Encephalartos latifrons iliyobaki michache mno porini. Hapakuwa na mtu mwenye bunduki aliyesimama karibu yake usiku kucha, na sidhani kama kuna aliyewazia kwamba ingefaa awepo. Ukinionyesha askari analala karibu na kifaru, nitakupongeza. Ukinionyesha askari analala karibu na mmea, nitadhani unanisimulia ngano.

Jina lenyewe Encephalartos limetokana na Kigiriki, na maana yake ni mkate ndani ya kichwa, kwa sababu kiini cha shina lake kina wanga ambao watu wa kusini mwa Afrika waliutengeneza chakula. Pwani ya Kenya na Tanzania tunaye ndugu yake, Encephalartos hildebrandtii, ambaye ndiye wahenga wetu walimwita mtapo. Jina la Kiswahili lipo, tena ni zuri, lakini katika kundi letu lenye watu wa rika zote nilikuwa peke yangu kulitumia, na shangazi akaona mchikichi. Kifaru hata mtoto wa chekechea anamchora.

Kuna jambo moja ambalo linaupa mtapo nafasi ambayo kifaru hana. Majike wa Ol Pejeta wanajulikana ni wawili, na hakuna anayetarajia dume atokee kichakani. Msitu wa Ngoye, kwa upande wake, una ukubwa wa takriban hekta 4,000, wenye miteremko na miti iliyosongamana, na haujawahi kupekuliwa wote. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, wameanza kurusha droni juu yake, wakipiga picha na kuiachia akili mnemba iliyofundishwa umbo la mtapo izichambue moja moja, ikimtafuta jike. Sehemu waliyoipitia ni ndogo sana kulinganisha na msitu wenyewe, na jike hajaonekana.

Hili nililiandika katika kundi usiku ule, nikidhani wote wamelala. Mpwa wangu alikuwa macho. Akauliza kama huyo jike akipatikana watatangaza mahali alipo, kama walivyotutangazia habari za Fatu. Nikamjibu kwamba wakitangaza, wale wenye bustani nzuri watamfikia kabla ya chavua. Alama ya kuonyesha kwamba anaandika ikawaka, ikazimika, ikawaka tena, kisha yakaja maneno yake: "Basi, mjomba, wakimpata wanyamaze."